Mlio Ninaousikia Peke Yangu

4 Februari 1984

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, mwili mzima na cherehani inazunguka, ila wateja wananionea huruma mpaka wananichosha.

Nakuandikia kwa sababu wewe ni fundi wa magari, na mimi najua nguo tu. Lile gari la mume wangu, la paa la turubai, limeanza kulia. Unajua tulivyokuwa: yeye akikata vitambaa, mimi nikishona, duka moja, asubuhi tunakwenda nalo wawili na jioni tunarudi nalo wawili. Tangu tumzike sikuligusa. Wiki iliyopita nikajipa moyo, nikakunja paa kama alivyopenda, nikashika usukani. Kufika barabara ya vumbi nikasikia ta-ta-ta, kama mtu anagonga meza kwa kidole. Nikifunga paa linalia, nikifunua linalia. Nikisimama, kimya.

Viatu vyake nimeshagawa, na makoti pia. Limebaki gari. Nisaidie lisinifie mikononi.

Binti yako


12 Februari 1984

Kitindamimba wangu,

Marahaba, na pole tena. Goti ni la uzee, halina spea.

Mlio hausakwi na mtu mmoja. Hiyo ndiyo sheria ya gereji yangu miaka arobaini: mmoja anaendesha, mwingine anakaa pembeni anasikiliza, maana aliyeshika usukani akili yake iko barabarani. Mwite fundi wa hapo mtaani, mpite naye njia ile ile. Aanze na fremu ya paa, magari ya wazi hulegea hapo. Kisha buti, kisha ekzosi. Kitu kimoja kwa siku, haraka haraka haina baraka. Na umwambie baba yako ni fundi, asije akakubadilishia injini nzima kwa ajili ya nati moja.

Baba yako


1 Machi 1984

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Fundi amekuja mara tatu. Mimi kwenye usukani, kwa kuwa sitaki mtu mwingine aushike, unisamehe kwa hilo, na yeye pembeni. Tumepita barabara ile mpaka muuza magazeti anatupungia mkono. Kimya. Akishuka tu, nikikata kona ya kwanza, ta-ta-ta. Mara ya tatu alinitazama kwa upole akasema, "Dada, gari halina tatizo. Labda upumzike kidogo."

Nikampakia shemeji, mdogo wa marehemu. Kimya vilevile. Sasa amewatangazia ndugu zake kwamba nasikia vitu. Jana mkewe amekuja dukani, eti tupige soga, kumbe ananichunga, macho yake yako kwenye mikasi yangu asije mwendawazimu akajidhuru.

Baba, sijachanganyikiwa. Nasikia kweli. Naomba upande basi uje usikilize mwenyewe. Wewe ukisema hakuna kitu, nitakubali.

Binti yako


10 Machi 1984

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili na machozi yamenitoka.

Mlio unaokimbia fundi akipanda na kurudi fundi akishuka hauko kwenye gari. Sijawahi kuona nati yenye haya. Mama yako alipofariki, mimi nilimsikia jikoni miezi mingi, nikawa naitika. Sikuwa na wazimu, na wewe huna. Ni huzuni. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, wewe uko barabarani. Itakutupa mtaroni. Liuze.

Kuja siwezi. Goti halivumilii basi la siku nzima, na kuja kusikiliza kisichokuwepo hakutakusaidia.

Baba yako


19 Machi 1984

Baba,

Shikamoo. Nimesikia. Daktari wa meno wa mtaa wa pili atalichukua Jumamosi, tarehe 31. Nimelishona turubai pale lilipochanika. Mimi mzima.

Binti yako


27 Machi 1984

Mwanangu,

Usiuze! Salamu baadaye.

Leo mwenzangu wa gereji hakuja, tumbo linamsumbua. Nikalijaribu gari la mteja peke yangu, kitu ambacho sikumbuki lini nilikifanya. Kwenye mashimo nikasikia ta-ta-ta. Nikanyoosha mkono nikakandamiza kiti cha pembeni, kimya. Nikauondoa, ta-ta-ta. Bolti za kiti zimelegea. Mtu akikikalia, uzito wake unazibana. Kikiwa kitupu, kinacheza.

Niliegesha gari nikakumbuka kila neno lako. Huenda bolti zako zililegea zamani, lakini mlikuwa wawili kila safari, nani angesikia? Kisha kila aliyekuja kuusikiliza mlio aliukalia. Na mimi ndiye niliyesema akae pale.

Chukua spana namba kumi na tatu, kaza bolti nne chini ya kiti. Dakika tano tu. Mke wa shemeji mwonyeshe barua hii. Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unasikia.

Baba yako


2 Aprili 1984

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, Jumatatu. Gari limeondoka juzi.

Daktari aliniuliza mbele ya shemeji kama lina kasoro. Nikasema mafundi wote wamesema halina. Akafunua paa, akaondoka peke yake. Hajafika kwenye kona, nikausikia mlio. Shemeji naye aliusikia, nilimwona akigeuza shingo. Akaingia ndani kunywa maji. Daktari alipunguza mwendo, akatazama kiti cha pembeni, kisha akaenda zake.

Leo mchana nimempelekea maelekezo yako, spana na bolti nne. Ameshukuru sana. Sikumwomba anirudishie gari, nilishampa neno langu, na ameshamwahidi mkewe kumtembeza.

Kwa bolti sikulaumu. Fundi hukosea, hata mimi nimewahi kushona suruali ya mteja mguu mmoja mrefu. Lakini nisipokuambia hili litanikaa kooni. Nilikuambia nasikia, ukaniambia sisikii, nami nikakuamini kuliko masikio yangu, kwa sababu wewe ni baba yangu.

Uliandika kwamba kuja kusikiliza kisichokuwepo hakutanisaidia. Kungenisaidia, Baba. Ungekuja, ungekalia kiti kile kile, na usingesikia chochote, najua. Tungezunguka bure siku nzima. Lakini siku hiyo nisingeendesha peke yangu.

Goti lipake dawa.

Binti yako