Kanzu ya Baba Iliyofuliwa

Bondeni, Nakuru

Mama yangu, Mungu akupe kauli thabiti,

Kesi tumeshindwa. Nakwambia mapema usije ukaisikia kwa wengine huko uliko.

Unakumbuka ulivyoitundika kanzu ya marehemu Baba kambani, ukakataza isiguswe kiangazi kizima, ili hakimu ajionee masizi ya lile jumba la stima linalochoma makaa ya mawe nyuma ya nyumba zetu. Wewe uliyefulia nusu ya Bondeni, mwisho ulikuwa unafua nguo moja mara tatu huku ukikohoa makohozi meusi. Kanzu ikawa rangi ya sufuria ya kuni. Wakili wetu alifurahi sana.

Kisha ukafa. Asubuhi ya kesi niliikuta imefungwa vizuri kwenye leso, nikaibeba hivyo hivyo. Mbele ya hakimu nikaikunjua. Mama, ilimeremeta! Mama mdogo Zuhura alikuwa ameifua, akaitia buluu na wanga, akaipiga pasi. "Si dada alisema nguo chafu haitoki kwake?" aliniambia baadaye huku analia. "Ningeiachaje iende mbele ya wazungu vile?"

Meneja wa stima alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe moshi wetu unafua," akasema, na mkalimani akatafsiri kwa furaha, mshenzi yule. Hakimu akapangusa masizi kwenye karatasi zake mwenyewe, kwa kidole, nilimwona kwa macho yangu, halafu akasema hakuna ushahidi. Nikipita karibu na mahakama ile sasa natema mate, na mate yenyewe ni meusi.

Hata sanda yako ilifika makaburini na vidoa vya masizi. Niliviona nikanyamaza, kwa kuwa maiti hacheleweshwi.

Sasa sikiliza. Wakili anasema tunaweza kushtaki upya. Kipande cha bafta nyeupe kilichobaki tulipokata sanda yako nimekitundika pale pale kambani. Sabuni yote nimeifungia sandukuni. Mama mdogo ndiye mlinzi, anakaa chini yake na fimbo, na wingu likitisha anakianua mbio kuliko msichana.

Lala salama, Mama. Miaka yote ulijivunia kwamba nguo chafu haitoki kwako. Nisamehe. Safari hii itatoka, na nitaibeba mimi.

Mwanao,
Mwanajuma