Fundo la Ishirini na Mbili

Jumamosi, siku ya 214

Umekuwa wapi wewe Rukia? Daftari limelala chini ya godoro, wino umeganda chupani, na ukurasa wa mwisho unasema siku ya 208, jina la siku sikuliandika. Baada ya hapo kimya. Mwanamke mzima, wajukuu sita, mistari miwili inakushinda? Usiniambie homa. Ungempa Zena kalamu akuandikie. Lakini Zena hajui herufi. Haya, udhuru umekubaliwa nusu.

Hata mimi chuoni sikwenda. Herufi hizi nilizo nazo nilifundishwa na marehemu mume wangu kwenye ubao, baada ya kula, mkono wangu ukiwa bado na harufu ya samaki. Zinatosha.

Siku sita kitandani. Zena, ndugu yangu, kanilisha na kuniosha, nami nikamtukana kila asubuhi. Hajaondoka.

Kitu cha kwanza nilipoinuka, kamba. Kibakulini mna vijiwe vinne. Kwenye kamba mafundo ishirini. Fundo la ishirini na moja lilinipita nikiwa sijitambui, nimelifunga leo. Mia mbili na kumi, na vijiwe vinne. Ndiyo leo.

Kijiwe kimoja kwa siku tangu Siku ya Mwaka. Vikitimia kumi, ndio mwongo mmoja, vinamwagwa, na kamba ya kumbi la nazi inapata fundo. Mamangu alihesabu hivyo, na mamake. Fundo hulifunga mwenye kamba peke yake. Mwengine akiligusa, mwaka hupotea. Mji mzima unaniuliza mimi: lini kupanda, lini kuezeka, lini mto unashuka na mafuriko ya bara.

Nimechoka. Nimefurahi kuwa hai. Sitamwambia Zena.

Jumatatu, siku ya 216

Maleleji. Kaskazi imekwisha, kusi haijaja, makuti hayatikisiki. Joto la kukaa ndani ya chungu.

Maji ya kisima yana chumvi. Kila mwaka ni hivi mto ukikonda: bahari inapanda mdomoni mwa mto na kuingia mpaka visimani. Chai ya chumvi. Nimekunywa.

Saada kaja asubuhi kuchukua chumvi na kiberiti. Mwanangu wa mwisho, na ndiye mwenye mdomo wangu. Yeye na mumewe Athumani wanalala dunguni, juu ya jukwaa la miti, ng'ambo ya mto, kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Na mtoto wao Mwinyi, wa miaka miwili. Zamani bonde lile lililimwa na watumwa wa watu. Sasa hakuna mtumwa, kila mtu na jembe lake, na ndiyo haki. Lakini bonde ni lile lile. Mji wetu umekaa juu ya mgongo wa mchanga, mto umeuzunguka kama mkono. Ng'ambo kule ardhi iko chini. Mto ukija, huingia kule kwanza.

Mahindi yamekomaa ila hayajakauka. Saada kauliza wavune sasa yaoze ghalani, au waache yakaukie shambani.

Nimemwambia, kaeni. Mto hushuka mwongo wa ishirini na nne, si kabla. Mna siku kumi na tano.

Kanibusu mkono. "Ukisema wewe, mamangu, sisi tumelala."

Karisa ndiye aliyemvusha. Mgiriama, mwenye mtumbwi, mtani wangu. Kaleta neno lake pia, akiniita bibi kwa lugha ya kwao: "Hawe, mto unanuka bara."

Nikamwambia kinachonuka ni miguu yake.

Jumanne, siku ya 217

Chungu wanapanda ukutani. Msururu mzima, kila mmoja na yai lake mdomoni, mpaka kwenye boriti. Hilo nimezoea kuliona mwongo wa ishirini na tatu. Mwaka huu wamewahi.

Visima vimebadilika. Chumvi imepungua tangu jana. Zena anasema ni heri. Mimi sijaipenda heri hii. Chumvi hupungua mto unapoisukuma bahari nje, na mto uisukume kwa maji gani? Mvua haijanyesha hata tone.

Lakini mto huu haungojei mvua yetu. Mvua inanyesha bara, huko kusikojulikana, sisi tunapata maji mekundu na jua linawaka. Mtu huweza kuzama na nguo zake zimeanikwa.

Kamba inasema bado. Chungu wanasema sasa. Nimekwenda kuhesabu mafundo mara tatu. Ishirini na moja. Na vijiwe saba.

Mhindi wa duka kauliza ahamishe magunia yake ya ufuta kutoka ghala la chini? Nimemcheka mbele ya watu. Nikamwambia yeye alizaliwa juu ya mizani, mimi nilizaliwa juu ya mto huu, na mto una siku kumi na nne. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nilipofika nyumbani na mimi sikucheka tena.

Zena bado haniruhusu kutoka baada ya magharibi, ati umande. Dirishani giza tupu. Mawingu, nadhani.

Alhamisi, siku ya 219

Nimemwaga wino ukurasani. Andika hivyo hivyo.

Leo nimemshinda Zena. Nimetoka barazani jua linapotua. Nimetazama magharibi. Mwezi. Mwembamba kama kucha. Mwezi mchanga, umeandama sasa hivi, na watoto wanaupigia kelele.

Haiwezekani. Niliposhikwa na homa mwezi ulikuwa unaelekea kujaa. Kwa hesabu yangu leo uwe umemeguka kidogo tu, uchelewe kutoka. Mwezi mchanga bado siku kumi.

Nilisimama nikimtukana mwezi. Halafu nikaelewa kwamba mwezi hauhesabiwi na Rukia.

Nikamwita Zena. Nimelala siku ngapi? Akasema, nyingi. Nikasema, ngapi! Akahesabu kwa Ijumaa. Ijumaa tatu alizokwenda kuniombea msikitini, na siku za kati, na moja juu yake. Siku kumi na sita.

Na vijiwe? "Niliweka kila siku, kama ulivyoniamrisha. Kumi vya kwanza nilivimwaga siku ya tatu ya homa yako. Kumi vya pili nikavimwaga Jumanne ya wiki jana."

Mara mbili. Na mimi nimefunga fundo moja.

Kwa nini hukufunga, Zena? Akanitazama. "Mwenyewe ulinipiga mkono, dada. Nilikuwa na miaka saba. Nilishika kamba ya mama, ukanipiga mpaka nikavimba."

Nakumbuka. Nilimpiga na mwiko.

Na kwa nini hukusema Jumamosi? "Nilikuona umeshika kamba. Nilijua umefunga yote mawili. Nawe ukiwa na kamba hutaki kusemeshwa."

Ni kweli. Sitaki.

Basi leo si 219. Leo ni 229. Saada hana siku kumi na mbili. Ana mbili, na mto haujui kusoma mafundo. Na jana Karisa alisema maji yamekuwa mazito kwenye kasia, nikamwambia mikono yake imezeeka.

Jua limekwisha kutua. Karisa havushi mtu gizani kwa sababu ya viboko. Hakuna la kufanya mpaka alfajiri.

Usiku wenyewe sitauandika.

Ijumaa, siku ya 220
Siyo. Siku ya 230

Naandika alasiri, nguo zikiwa bado na tope. Kwa mpango, Rukia. Anza mwanzo.

Alfajiri nilitaka kupita nyuma ya nyumba, niende mtoni moja kwa moja, nimtoe mwanangu, kisha nirekebishe kamba kimya kimya. Hakuna ambaye angejua. Nauandika uchafu huu ili nisije nikausahau. Nilikwisha kuvaa buibui. Zena alisimama mlangoni na upatu wa harusi mikononi. Ule wa shaba, tuliompigia Saada alipoolewa. Kanipa.

Nikapita njia ya mbele.

Penye duka wanaume walikuwa wanatoka msikitini. Nikasema kwa sauti: nimekosea. Nimewaambia uongo wa siku kumi. Mto ni wa leo au kesho. Mwenye kitu bondeni akakitoe sasa. Mzee mmoja kaanza kuniuliza hesabu ilipoteaje. Nikamwambia aniulize akiwa mkavu. Mhindi alikwisha kuita wachukuzi.

Magoti yangu hayakuwahi kwenda vile.

Mto nilioujua mwembamba haukuwapo. Mwekundu, umejaa, unakwenda na matete mazima na ndege juu yake. Jua linawaka. Hakuna wingu.

Karisa kasimama na mtumbwi wake kaushika kwa kamba. "Hawe, madzi ganakudza." Nikamwambia naona kuwa maji yanakuja, nina macho. Kisha nikamwambia naomba msamaha kwa ajili ya miguu yake. Kasema angecheka kama angekuwa na nafasi.

Tabu ilikuwa hii. Dungu liko nyuma ya matete, mbali na gati. Sauti haifiki. Karisa hawezi kuuacha mtumbwi ng'ambo peke yake aende kuwatafuta, maji yangeuchukua. Lazima wao waje ukingoni ndipo avuke.

Nikapiga upatu.

Nilipiga ngoma ya harusi, kwa sababu nyengine siijui. Nilipiga na kulia na kupiga. Zena alinipokea mkono ulipokufa, akapiga yeye. Kibibi mmoja na kibibi mwengine ufukoni, harusi bila bibi harusi. Maji yalifika vidoleni, tukarudi nyuma. Yakafika tena.

Nilifikiri: mwanangu amenisikiliza. Kaamini neno langu, kalala. Angekuwa na mama mjinga asiyehesabu chochote, angewatazama chungu, akaondoka.

Kisha matete yakafunguka. Saada, Mwinyi mgongoni, maji magotini mwake. Anatafuta nani anaolewa Ijumaa asubuhi.

Karisa alivuka kwa kukata juu sana, mto ukamshusha mpaka kwao. Safari ya kwanza, Saada na mtoto. Mtumbwi ulizunguka mara moja katikati. Sikufumba macho. Niliona nikifumba nitauachilia. Nilimtoa Mwinyi mimi mwenyewe. Alikuwa anacheka, punguani wangu, alipenda kuzunguka.

Safari ya pili, Athumani, na magunia mawili mabegani, na la tatu analiburura. Tulisikia Karisa akifoka: "Gunia ama wewe! Chagua!" Magunia mawili yalikwenda baharini. Moja likaja.

Adhuhuri ilipoadhiniwa dungu halikuwapo. Niliangalia likienda. Liliinama kama mtu anayerukuu, likaenda.

Saada kasema jambo moja tu njiani: "Ulisema siku kumi na tano, mamangu."

Nikasema, ndiyo. Nilisema.

Jumapili, siku ya 232

Bonde lote ni ziwa. Vichwa vya mahindi vinaonekana kidogo, kama watu wanaooga. Maji yamefika ukuta wa ghala la chini. Mhindi kaokoa zaidi ya nusu. Kaniletea kibaba cha sukari, sijui ni cha shukrani au cha kunifunga mdomo. Nimepokea.

Saada na watu wake wako kwangu. Wamepoteza chakula cha mwaka na mbegu. Nimempa kuku wote. Kapokea, kasema ahsante, kaenda kuwafungia. Hanigombezi. Angenigombeza ningelala. Mtoto ana kikohozi. Kila akikohoa nainuka.

Watu wanapita barazani hawaulizi kitu. Siku zote huuliza. Leo wanasema shikamoo, wanapita.

Kamba nimeitundika, siwezi kuigusa. Kijiwe anaweka Zena.

Nina hofu ya kuhesabu. Sijawahi kuwa nayo. Ninaamka nikijiuliza leo ni leo.

Jumatano, siku ya 235

Mvua yetu imeanza. Nyembamba, ya adabu. Kusi imegusa makuti alfajiri. Kikohozi cha Mwinyi kimelainika, nimempaka mafuta ya nazi na karafuu, kalala mpaka jua kali.

Saada kagombana nami kuhusu uji. Kasema nimeuunguza. Sikuuunguza. Nimeshukuru Mungu.

Karisa kaja kuuliza wapande lini mtama. Wa kwanza kuuliza tangu Ijumaa. Nikamwambia asubiri, nihesabu na mwenzangu.

Nikaitungua kamba. Nikamwita Zena, nikampa. Kairudisha mikono nyuma, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Nikaishika mikono yake nikaiweka juu ya kamba. Nikamwonyesha: zungusha, pitisha, vuta kwa meno. La ishirini na mbili kalifunga yeye. Limekaa upande, kubwa kama kunde iliyolowa. Mtu yeyote ataliona hata gizani. La ishirini na tatu nimefunga mimi.

Tukahesabu wote wawili kwa sauti, mara moja mimi, mara moja yeye. Zikalingana. Karisa kaambiwa siku saba.

Ukirudi kwenye daftari hili, Rukia, usianze na hadithi. Kwanza mwite Zena aje na kibakuli, mumwage vijiwe mkekani, yeye ahesabu na wewe unyamaze. Akimaliza ndipo ushike kalamu.

Na uje kesho.