Risasi Nilizomtengenezea Orrin

Jumatatu, 14 Oktoba

Orrin kaja na bunduki. Kaiweka kwenye meza yangu ya gereji kwa mkono wa kulia, wa kushoto bado haunyooki. Akasema, "Dada, nitengenezee ishirini. Ziwe kama zile za mwaka jana."

Kama zile!

Nilimwuliza kama kweli anataka kupanda mlimani. Akanijibu kwamba msimu wa kuwinda unafunguliwa Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, na asipokwenda sasa hataenda tena maisha yake. Wifi Marlys alibaki garini, hakushuka hata kunisalimia.

Bunduki ile haijafyatuliwa tangu siku ya dubu. Orrin alikuwa kainama anachuna elki wake, kulungu mkubwa wa huku milimani, dubu katoka kwenye misonobari, anaitaka nyama. Risasi ya kwanza ilipita juu. Ya pili haikuingia. Wendell, mwenzake wa kuwinda, alimwokoa kwa kopo la kupulizia pilipili, lakini kiwiko kilikuwa kimeshatafunwa.

Mji mzima una maelezo yake: Orrin alishikwa na woga, akavuta nusu tu lile komeo linaloingiza risasi kwenye mtutu. Yeye mwenyewe ndivyo anavyoamini.

Sijaigusa bunduki. Nimepika viazi, nimeunguza.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimefanya leo nilichopaswa kukifanya mwaka jana.

Kisanduku cha mwaka jana kilikuwa na risasi sita zilizobaki. Nilizipima. Halafu nikatengeneza nne za bandia, bila baruti, urefu uleule hasa. Nikazijaza zote nne kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi tumboni mwa bunduki, nikaanza kuvuta komeo.

Ya kwanza iliingia. Ya pili ilikwama — ncha yake inakwaruza ukuta wa mbele wa magazini, inainama, inagoma. Nikatoa, nikajaza upya. Nimefanya hivyo mara kumi. Mara sita imekwama, na kila mara nilivuta mpaka mwisho, kwa mikono miwili mizima, bila dubu.

Nilizifanya ndefu makusudi. Kichwa cha risasi kisipozamishwa sana kwenye ganda lake, kinakaa karibu na mifereji ya mtutu, na matundu kwenye karatasi ya shabaha yanakusanyika. Matatu yangu yalifunikwa na sarafu moja! Karatasi nikaibandika kwenye friji, nikamwonyesha kila aliyekuja kunywa kahawa.

Lakini kule uwanja wa shabaha nilizilisha moja moja, kwa kidole. Nalenga, nafyatua, naweka nyingine. Magazini sikuijaza hata siku moja. Miaka thelathini natengeneza risasi.

Si woga wake. Ni mimi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimezamisha kichwa zaidi. Kidogo — bado kinakwaruza. Tena kidogo. Nusu milimita jumla, ndipo zote nne zikapita, haraka na polepole, bunduki ikiwa imelala ubavu. Kwa usalama nimeongeza unywele mmoja. Kuzamisha kunabana nafasi ya baruti ndani, kwa hiyo nimeipunguza na kuanza kupanda upya, hatua kwa hatua. Sina papara tena.

Nimezijaribu uwanjani, safari hii kutoka magazini. Matundu yametawanyika, kiganja kizima ndiyo kinayafunika. Miaka iliyopita ningeona aibu. Elki ana kifua kikubwa kuliko kiganja, na dubu pia.

Wifi alipita mchana na mkate wa viazi. Tukanywa kahawa. Akaniambia Orrin anajifungia bafuni na mpini wa ufagio, anafanya mazoezi ya kuvuta komeo. Mara mia kila siku. "Anasema mikono yake ilimsaliti, wifi. Hata kukata nyama mezani ananiachia mimi."

Nilifungua mdomo. Nikamwuliza kama anataka kahawa zaidi.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya ibada, ukumbi wa chini. Wendell na sahani yake ya keki.

"Orrin, mwaka huu nikufungie kamba kwenye komeo, tuvute wote wawili?"

Watu wakacheka. Orrin naye akacheka, ndilo lililoniumiza. Akasema, "Lete na mkeo, atashika kamba vizuri kuliko wewe."

Wendell hana ubaya, alimwokoa ndugu yangu. Anasimulia alichokiona tu. Mimi ndiye ninayejua, na nilikuwa nimesimama pale nimeshika birika.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Najua! Lakini nikisema, dhambi ya mkono ule ni yangu. Kila nitakapouona umepinda nitajua na yeye anajua. Watu tisa wanapiga risasi zangu katika kaunti hii. Nilijiambia hivi: nitampa risasi nzuri, zitaingia, atapona mwenyewe, hakuna haja ya maneno. Nimejiambia tena wakati wa kuosha vyombo.

Jumatano, 23 Oktoba

Uwanjani. Naandika ndani ya gari.

Orrin kaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Akajaza nne. Akafyatua, akavuta, akafyatua, akavuta — zote zikaingia laini. Akajaza tena nne. Tena. Mara tano, ishirini nzima, mpaka nikasema nitamtengenezea nyingine kwa ajili ya Jumamosi. Hakuna iliyokwama. Nikafurahi kweli, nusura nipige makofi.

Wendell kampiga bega lile zima. "Si unaona? Ukivuta mpaka mwisho, zinaingia."

Orrin aliilaza bunduki juu ya mfuko. Akanijia hapa dirishani, uso mtulivu, ndipo nilipoogopa.

"Dada, nilikuwa na tumaini moja la kijinga. Kwamba labda ni bunduki. Bunduki ileile, risasi zako zilezile, na leo hakuna kasoro." Akaangalia mikono yake. "Basi ni mimi kweli. Heri nimejua."

Kaendelea: Jumamosi bunduki atabeba Wendell, yeye atapika kambini. Mtu asiyeaminika mikono yake, kasema, asikae na mwenzake mlimani. Ataiuza baada ya Krismasi.

Mungu wangu. Nimemthibitishia. Nimezirekebisha kimyakimya, na kurekebisha kwangu ndiko kumekuwa ushahidi dhidi yake.

Yuko pale sasa, kapiga magoti, ananiokotea maganda kwa mkono mmoja, kwa sababu anajua nayatumia tena. Wendell anafunga buti la gari lake.

Nimeteremsha kioo. Nimemwita Wendell asiondoke, aje hapa, naye asikie nitakachomwambia Orrin. Kasema anakuja, kuna baridi, niharakishe.

Orrin keshapanda, kaweka kopo la maganda mapajani. Anauliza naandika nini.