Nani Aliwaambia Waliinue Gari Langu

Jumamosi, Julai. Baridi ile ya Nairobi isiyo na mvua wala jua, na mawingu yamekaa juu ya Woodley tangu asubuhi bila kusogea. Nina grisi hadi kwenye viwiko na sina hamu ya kuongea na mtu yeyote. Kwa hivyo ninaandika.

Nina hasira. Nimeliandika hilo mapema ili nisijifanye baadaye kwamba nilikuwa mtulivu.

Kesho ni siku yangu ya kwanza uwanjani. Klabu yetu ya wapenda magari inakodisha uwanja wa mbio nje ya jiji, watu wa kawaida wanaleta magari yao ya kawaida, yanakaguliwa, kisha mnazunguka mpaka matairi yanuke. Hakuna kikombe cha kushindania. Nimejitayarisha tangu mwanzo wa mwaka ili nipate dakika chache za kuliendesha gari hili jinsi lilivyoundwa liendeshwe.

Lenyewe ni la zamani, la milango miwili, rangi nyekundu iliyofifia kwenye boneti, na injini yake ni ndogo kuliko ya teksi nyingi zinazobeba watu huko Kilimani ninakoishi. Kwenye kundi la klabu kwenye simu, jamaa mmoja aliuliza kama ninalileta uwanjani au ninalipeleka saluni. Wenzake wakacheka. Wao wana injini kubwa. Wakiharibu kona wanakanyaga mafuta na injini inafunika kosa lao. Langu halifuniki chochote. Ukipoteza mwendo kwenye kona, umeupoteza, na utaungoja hadi mwisho wa barabara iliyonyooka huku kila mtu akikupita. Ndiyo sababu ninalipenda. Sijawahi kumwambia mtu hivyo kwa sauti. Najua nitakavyosikika.

Kazi nimeifanya hapa Woodley kwa wazazi wangu, kwenye ua, kwa sababu mlinzi wa maghorofa yetu hataki kuona mtu akifungua hata nati moja pale maegeshoni. Kila Jumamosi nimekuwa chini ya hili gari. Nimebadilisha pedi na mafuta ya breki. Nimetoa zulia, tairi la akiba, na kiti cha abiria, maana kila kilo inayotoka ni nguvu ambayo sikulazimika kuinunua. Springi fupi nilizitafuta kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road wiki baada ya wiki, nikitoka ofisini na viatu vya kazi, nikiitwa "madam" na "sistee" na kuulizwa kama bwana wangu ndiye aliyenituma. Nilipozifunga, gari likashuka, likatulia chini kama paka anayetaka kuruka.

Nililitazama siku hiyo nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kuhitimu chuo.

Sasa Baba.

Leo ilikuwa ruracio ya binamu yangu, siku ya kwenda kwa wakwe kupeleka mahari, na Baba ndiye msemaji wa upande wetu. Tangu astaafu na kuuza pikapu yake hana gari. Majuma mawili yaliyopita alisema, akiwa na kikombe cha chai, kwamba gari letu ndilo litakaloongoza msafara. Letu. Nikamwambia itakuwa vigumu: gari liko chini sana, barabara ya kwa wakwe ni ya udongo wa murram na mawe, halafu halina kiti cha pili. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sawa."

Nikadhani tumeelewana.

Kwetu hatumwambii mzazi "hapana". Tunampa sababu, naye anaelewa, mambo yanaisha bila mtu kuvunjiwa heshima. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na hivyo ndivyo nilivyofanya. Lakini Baba alizisikia sababu zangu kama kazi za kufanywa. Gari liko chini? Litainuliwa. Halina kiti? Kitarudishwa.

Jana nilitoka kazini mjini nikaja moja kwa moja kufunga vifaa vyangu. Ua ulikuwa mtupu. Ufunguo, ambao huwa natundika jikoni ili wasogeze gari lori la maji likija, haukuwepo. Mama alikuwa akipiga pasi kitenge chake cha sherehe.

"Baba yako amelipeleka Kinoo kwa Wekesa," akasema. "Anataka kukufurahisha, usimharibie."

Wekesa ndiye fundi aliyekuwa akitengeneza ile pikapu. Nilipofika kwake kando ya Waiyaki Way nililiona gari langu kabla ya kumwona yeye. Lilikuwa limesimama juu kama mbuzi. Kati ya mwili na matairi ungepitisha kichwa cha mtoto.

Wakenya hawawezi kuona gari limekaa chini. Likishuka tu bandarini, kitu cha kwanza ni kuliinua: wanatia spesa, vile vipande vinene vya mpira vinavyokaa juu ya springi, ili lipite matuta na mashimo bila kukwaruza tumbo. Gari la chini kwa fundi yeyote wa hapa ni gari linaloumwa. Springi zangu fupi zilikuwa bado mle ndani, na juu ya kila moja Wekesa alikuwa amepachika spesa.

"Madam, karibu," Wekesa akasema, anafuta mikono, ametabasamu. "Hii gari ilikuwa inalamba barabara. Saa hii hata Turkana unafika."

"Nani alikuambia uiinue?"

"Mzee."

"Gari ni ya nani, Wekesa?"

Akanitazama, akalitazama gari. "Si ni yenu?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hakunijibu vibaya. Alisema tu, "Dada, mimi nilitumwa," akanipa ufunguo. Nimelifikiria neno hilo tangu jana na bado sijapoa. Kila mtu ametumwa. Hakuna aliyeniuliza.

Nikaliendesha kurudi Woodley. Na hapa lazima niseme ukweli: lilipita matuta yote bila kugusa hata moja. Lilikuwa raha. Nilichukia kila mita ya ile raha, kwa sababu kwenye kila mzunguko lililala upande kama mtu anayesinzia kanisani. Ukilipeleka hivyo uwanjani, wale jamaa watacheka, na mara hii watakuwa na haki.

Kulikuwa na njia nyingine. Ningeweza kumpeleka Baba leo, niongoze msafara, nirudi, nitoe spesa jioni kwa taa ya simu, nilale kidogo na kuondoka. Ningechoka, lakini ingewezekana. Nilijua hivyo jana usiku nikiwa kitandani katika chumba changu cha zamani. Nilipiga hesabu yote.

Nikaamua sitaki.

Leo niliamka kabla yao. Nikapiga jeki, nikaliweka gari juu ya stendi, nikatoa magurudumu yote manne na kuyaegemeza ukutani kwa mpangilio mzuri. Mawili yangetosha kuanza kazi. Nilitoa manne ili waone.

Baba alitoka amevaa suti ya kijivu na kofia, fimbo mkononi. Mimi ni mzaliwa wa kwanza na nimepewa jina la mama yake, kwa hivyo maisha yangu yote ameniita Maitu, mama yangu. Hata akikasirika. Hasa akikasirika, kwa maana huwezi kumfokea sana mama yako.

"Wanjiru," akasema. "Rudisha hayo magurudumu."

"Siwezi, Baba."

"Huwezi ama hutaki?"

Mama alikuwa mlangoni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Ningeweza kutoa sababu. Nilikuwa nazo nyingi na zote zilikuwa za kweli.

"Sitaki," nikasema.

Alilitazama gari. Kisha akatazama saa yake, akaenda kusimama getini, na alisimama pale akinipa mgongo mpaka shemeji yake akaja na gari la mizigo. Viti vya mbele vilikuwa vimejaa. Msemaji wa upande wetu alipanda nyuma, katikati ya kreti za soda na mablanketi, fimbo imesimama kati ya magoti. Mama alibanwa kando yake. Walipogeuka kuelekea Ngong Road kofia ya Baba ndiyo niliyoiona mwisho.

Najua nilichomfanyia. Nilijua hata wakati ule, spana ikiwa mkononi. Sitaandika kwamba ninajuta, kwa sababu nimejichunguza mchana kutwa nikitafuta majuto na sijayapata. Nimepata kitu kingine kizito karibu nayo, lakini si hayo.

Nikaanza na kiti cha abiria, maana kilikuwa njiani. Fundi alikuwa amekirudisha kwa bolti zake zote. Nilipoingiza mkono kukifungua nikaona kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Katika familia yetu kuna mtu mmoja tu mwenye miguu mirefu hivyo.

Nikakifungua. Nikakiweka verandani.

Kutoa spesa ni kazi ya kunyima mtu pumzi. Lazima ubane springi kwa kifaa chake, taratibu, uso wako ukiwa mbali, kwa sababu ikichomoka haiulizi wewe ni binti wa nani. Pembe moja baada ya nyingine. Kila spesa niliyoitoa niliitupa kwenye nyasi kwa nguvu isiyohitajika. Mchana ulipita, sikula.

Nikayarudisha magurudumu yote, halafu kuyanyoosha ya mbele. Ukigusa springi, magurudumu hayatazami tena pale yalipokuwa yakitazama, na duka la kupimia mwelekeo wake lilikuwa limefungwa. Kuna njia ya zamani: unafunga uzi kwenye stendi, kwenye upande wa gari, mbele hadi nyuma, unyooke kabisa, halafu unapima kwa rula kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa gurudumu na ukingo wa nyuma. Unazungusha rodi ya usukani kidogo, unapima, unazungusha tena. Lakini gari lazima liwe na uzito wa dereva ndani yake, vinginevyo unapima gari ambalo hakuna anayeliendesha. Mtu mmoja akae, mwingine apime.

Nilisimama pale uani na rula. Jirani zetu wote walikuwa wamekwenda na msafara.

Nikaenda jikoni, nikachukua mitungi mitatu ya maji ambayo Mama huweka akiba kwa siku ambazo mfereji hautoi hata tone. Miwili kitini, mmoja pale miguu inapokaa. Ikakaribia kabisa uzito wangu. Nikaifunga mshipi wa usalama isianguke. Kisha nikapiga magoti na kupima mpaka nambari zikakubaliana pande zote mbili.

Walirudi giza likianza kuingia. Nilikuwa ninakunja uzi. Mama alinipita, akachungulia ndani ya gari, akasimama.

"Wanjiru, umefunga maji yangu mshipi?"

"Nitayarudisha kabla sijaondoka, Mama."

"Nami nimekaa juu ya kreti ya soda kutwa nzima, hakuna aliyenifunga." Akaingia ndani bila kucheka, ingawa alikaribia.

Baba alilizunguka gari. Lilikuwa chini tena, mahali pake. Akainama na kutazama kwenye dirisha la dereva, fimbo nyuma ya mgongo.

"Na huyu ni nani?"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu asubuhi.

"Ni mimi," nikasema. "Ni uzito wangu."

Aliitazama mitungi, ilivyokaa wima, imetulia, mshipi umepita kifuani.

"Afadhali huyu," akasema. "Huyu hajibu."

Akapanda ngazi za veranda. Hakuna benchi pale. Kilichokuwepo ni kile kiti cha abiria nilichokiweka sakafuni. Akakikalia, akanyoosha miguu, akaanza kuvua viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Hakunitazama tena. Mimi pia nilijifanya ninakagua nati.

Sasa nasikia sufuria jikoni na redio yake sebuleni. Hakuna aliyeniita kula. Nitakwenda mwenyewe baadaye, kama mtu anayeishi hapa.

Nimejiuliza kama nikirudishe kile kiti. Kina kilo zake, na gari langu halina nguvu ya kubeba hata adabu yangu. Hapana. Hili ni jibu, sitaliwekea sababu. Kitabaki verandani, na akitaka kukikalia, akikalie.

Kesho nitaondoka kabla hawajaamka kwenda kanisani. Nitamfungua mshipi yule wa maji, nimshushe, nimrudishie Mama jikoni. Halafu nitakaa mimi, yule anayejibu.