Jibu la Swali la Saba

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nina daftari ninaloandika watu. Shangazi akivaa viatu vya kutokea siku ya kazi, naandika: dalili ya kwanza, dalili ya pili, hitimisho. Mara nyingi ninapatia, na huko kupatia ndiko kulikoniponza.

Natumaini u mzima, na moto wa kuchomelea vyuma haujayachosha macho yako. Sisi hatujambo. Baba bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia. Mama anasema simu zako ni fupi kama za mtu anayekimbizwa, basi ukipiga tena, kaa kidogo.

Nilikuambia kuhusu mtihani wa ufadhili. Shule yetu inapeleka wanafunzi wawili tu, na mwaka huu wameongeza sehemu ya kufikiri: unapewa maelezo mafupi, kisha unaulizwa kama hitimisho fulani linafuata. Unachagua Ndiyo, Hapana au Haijulikani. Mwalimu wa hesabu alitupa jaribio la maswali ishirini ili awapate hao wawili. Kiranja wetu alikuwa wa kwanza, rafiki yangu Chiriku wa pili, mimi wa tatu. Chiriku unamkumbuka, yule aliyekuambia ndevu zako zimeota kwa mafungu.

Swali la saba lilikuwa hivi: wauguzi wote wa zamu ya asubuhi wana funguo, baadhi ya wenye funguo ni madereva, je, baadhi ya wauguzi hao ni madereva? Mimi niliandika Haijulikani, maana hatujaambiwa kama madereva hao ni wauguzi au ni watu wengine kabisa. Mwalimu aliposoma majibu kutoka kwenye karatasi yake, akasema Hapana. Sikuthubutu kunyoosha mkono. Wakati wa mapumziko nilimfuata, akalitazama upya, akajikuna kichwa, akakiri kwamba karatasi yake ilikosea, ila hata baada ya kusahihisha nilibaki wa tatu.

Wengine wote darasani walikuwa wameandika Ndiyo au Haijulikani. Chiriku peke yake ndiye aliyeandika Hapana.

Hapo mdudu akaniingia. Nilijiuliza mtu mwenye akili kama yake anakosaje kwa namna ileile iliyokosea karatasi ya mwalimu. Nikakumbuka siku mbili kabla ya jaribio alitumwa chaki ofisini, akakawia. Nikakumbuka alivyomaliza kabla yetu sote, akakaa anachora maua kwenye dawati. Kila alichofanya kikageuka dalili. Akicheka, naona anaficha. Akinyamaza, naona anaficha zaidi. Akinigawia karanga zake, najiuliza leo ana nini hata awe mkarimu hivi. Nikaandika hitimisho na kulipigia mstari: ameiona karatasi ya majibu.

Jumatatu Mkuu wa shule alimwita Chiriku. Kuna mtu alikuwa amepenyeza karatasi isiyo na jina chini ya mlango wake. Chiriku alijieleza kwamba maswali yale alishayafanya nyumbani, kwenye kijitabu cha mjomba wake. Mkuu akamwambia akilete. Akajibu kwamba mjomba yuko safarini na lori, na kijitabu amekwenda nacho. Mkuu akasema hata mwizi wa kuku huwa na shahidi aliyesafiri. Jina lake likafutwa, langu likaandikwa. Mama alifurahi, akanishonea sketi mpya ya kwendea mtihani.

Alhamisi nilikwenda kwao. Nilijidanganya kwamba nampelekea notisi, lakini kwa kweli nilitaka kumtazama usoni nione kama hatia inaonekana. Nilimkuta mjomba mtu amerudi, anakunywa chai na vumbi lake la barabarani. Alinichekesha. Alisema amefanya usaili wa ukarani mara tatu na kuanguka mara tatu, na wa nne ataufanya hata kwa mkongojo. Kisha akanionyesha kijitabu chake cha mazoezi, kikuukuu, kimepoteza jalada. Yalikuwa maswali ya mwalimu wetu, yote ishirini, kwa mpangilio uleule. Ukurasa wa mwisho una majibu. La saba: Hapana.

Chiriku alisema swali hilo aligombana nalo wiki nzima, mwishowe akasalimu amri, kwa sababu yeye ni nani hata abishane na kitabu kilichopigwa chapa. Kaka, mwalimu alinakili humo, naye Chiriku alijifunzia humo. Mimi niliona maji ya rangi moja katika ndoo mbili, nikasema ndoo hii imeiba kwa ile. Sikuuliza kama kuna kisima.

Halafu Chiriku akanikabidhi kijitabu. Alisema nikipeleke mimi, kwa sababu ofisini wananiamini, na yeye akienda atalia tu.

Sasa nikuambie. Ile karatasi chini ya mlango niliiandika mimi, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Na nilipoiandika nilijua nani anafuata kwenye orodha. Katika daftari langu lote hilo sikuliandika popote.

Kijitabu kililala kwenye begi langu usiku mmoja. Ijumaa asubuhi nilikipeleka kwa mwalimu wa hesabu, akafungua ukurasa wa mwisho, akalisoma jibu la saba kwa aibu yake mwenyewe. Nikamwambia kuhusu karatasi. Akanipeleka kwa Mkuu, nikarudia. Mkuu akafuta jina langu na kuliandika la Chiriku. Kisha nikaenda darasani, nikamwambia na yeye. Aliniuliza kitu kimoja tu: nilishindwa nini kumuuliza? Akahamia dawati la mbele.

Mama bado hajui kwa nini nimebaki nyumbani leo. Nikimaliza kufunga bahasha hii nitamweleza. Msalimie wifi, na mwambie mtoto kwamba shangazi yake anamkumbuka.

Sasa ni saa nne. Wako ukumbini wanafanya mtihani, nami nimekaa jikoni, sketi mpya nimeikunja na kuirudisha kwenye mfuko wake.

Mimi mdogo wako,
Kobe