Debe la Mwisho la Baba

Jumamosi, Kalama. Mawingu tangu asubuhi, na hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa mlangoni pa jikoni kwa mama, na vidole vyangu bado vinanuka spiriti.

Kwa wasionijua: mimi na wenzangu wawili tuna karakana ndogo mjini Machakos, tunatengeneza kifaa cha kupima mahindi kwa mwanga. Ni kisanduku cheusi kinachoenea mkononi. Unasaga punje, unaloweka unga kwenye spiriti, unachuja, kisha unatia yale maji kwenye kichupa na kukiingiza ndani. Taa ya zambarau inamulika kutoka chini. Kama kuna aflatoksini, ile sumu ya kuvu, maji yanang'aa rangi ya buluu, na kihisi kinasoma yameng'aa kiasi gani.

Leo nilikuja kukijaribu kwa mahindi ya mama. Nikaziba dirisha la stoo kwa blanketi ili nione kwa macho yangu pia. Mahindi ya msimu huu hayakung'aa. Nilikuwa nafungasha vitu mama aliposema, "Ndinda, kuna lile debe."

Nilijua debe gani. Kwetu huwa hatulitaji.

Ni mahindi ya mwisho ambayo baba alivuna na kupukuchua kwa mikono yake, mwaka niliokuwa kidato cha pili, bwenini. Baada ya mazishi mama alilifunga akaliweka pembeni. Hakuweza kuyala kwa sababu aliamini yamerogwa, na hakuweza kuyatupa kwa sababu yalikuwa ya baba.

Mwaka ule mvua ilikataa kuisha, na baba aliyaingiza mahindi ndani yakiwa mabichi. Mama alikuwa Muthetheni akimuuguza dada yake. Wakaanza kufa kuku, mmoja mmoja, bila jeraha. Halafu mbwa. Halafu macho ya baba yakawa manjano, tumbo likajaa, na kabla mama hajarudi alikuwa ameenda. Watu walisema mchawi huanza na wanyama ndipo aje kwa mwenye boma. Wakamtaja jirani yetu, Mama Syombua, kwa kuwa muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amegombana na baba juu ya mpaka wa shamba.

Hakuna aliyempiga. Waliacha tu kumsalimia. Watoto walifundishwa kuvuka njia wakimwona.

Mimi pia nilivuka.

Kifuniko cha debe kilikuwa kimeshika kutu. Ndani mlikuwa na vumbi la wadudu na punje chache nzima chini kabisa. Nikasaga, nikaloweka, nikachuja. Mama alisimama nyuma yangu, nikisikia pumzi yake shingoni. Nikawasha taa.

Buluu ilijaa kichupa, ikamwagika hadi kwenye vidole vyangu na kwenye leso ya mama. Namba ilipanda hadi mwisho wa kipimo, ikakaa hapo. Nikaosha kila kitu, nikaweka mahindi ya mwaka huu: giza. Nikarudisha ya debe: buluu. Nilirudia mara tatu. Rangi hii naiona kazini kila wiki na haijawahi kunisumbua. Leo nywele zilinisimama. Ungeniuliza tuko wangapi mle stoo, ningesema watatu.

"Hii ndiyo alikula?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Mwaitu," nikamjibu mama.

Akachungulia ndani ya debe. "Ningekuwa hapa, ningeyatwanga muthokoi."

Na ni kweli. Kutwanga mahindi hadi maganda yatoke hupunguza sana sumu. Baba, akiwa peke yake, aliyasaga vile vile akapika ugali, na makombo akawapa kuku na mbwa. Nilitaka kumwambia mama kwamba si kosa lake. Nikafunika debe.

Lazima niwe mkweli: debe lililokaa miaka yote hii linaweza kuwa limeota kuvu baadaye. Lakini kuku, mbwa, macho ya manjano. Siwezi kuvipanga kwa namna nyingine.

Saa nane tulienda kwa Mama Syombua, nimebeba kisanduku. Tulimkuta akichagua ndengu kwenye ungo. Alipotuona hakusimama. Mama alimweleza yote akiwa wima, bila kuzungukazunguka, na mwisho akasema, "Tulikukosea."

Mama Syombua akaomba kuiona rangi hiyo. Tukaingia chumbani kwake, nikafunga dirisha, nikawasha. Ile buluu ilimwangaza usoni, naye akaitazama bila kupepesa.

"Siku tuliyogombana na baba yako," akaniambia, "nilirudi hapa nikapiga magoti. Nikaomba Mungu amtoe mbele yangu. Halafu nikasikia kuku wameanza kufa."

Mama akamshika mkono.

"Watu waliposema ni mimi, sikukataa kwa sababu nilidhani ni mimi. Kila siku nikiamka nilijua niko na damu ya mtu." Akaendelea kuangalia kichupa. "Sasa zima, mwanangu. Nimeona."

Nikazima. Gizani nilisikia mtu analia, na sikujua kama ni yeye au mama.

Niliwaacha nikarudi peke yangu. Kutoka hapa nilipokaa nauona mlango wake. Wamekaa kwenye viti viwili, ungo wa ndengu katikati yao.

Kesho baada ya ibada baba zangu wadogo watakuja kula hapa. Wao ndio waliolisema jina la Mama Syombua kwanza, kaburi likiwa bado wazi. Kisanduku nitakiweka mezani kabla ya chakula, na Mama Syombua nitaenda kumwita mwenyewe, nipite naye njia ya mbele watu wakitoka kanisani.

Sijui nitaanza na neno gani. Naogopa. Lakini sitavuka njia tena.