Kwa Nini Hatukukupigia Siku ya Posa

Keko Machungwa,
Temeke,
Dar es Salaam.
17 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Venance,

Habari za Maskati? Hujambo mwenyewe, na lile goti linaendeleaje? Joto la huko limeshaanza kuwatoa roho, au bado? Sisi hapa wazima wote. Kibaridi cha Juni kimeingia, na shemeji yako Fransis havui sweta tangu Jumapili, utadhani tumehamia Njombe. Presha yangu imetulia, maana shule zimefungwa na hakuna mtoto wa mtu anayeniita "ticha" kila dakika. Noela wangu mzima, ananenepa kwa furaha, na vipimo vya gauni la harusi alivyochukuliwa mwezi uliopita havifai tena. Fundi atajua mwenyewe.

Najua umenuna. Nimekupigia mara tano hupokei, kwa hiyo nakuandikia kwa mkono kama zamani. Loveness, binti wa jirani yetu, anarudi kazini huko Alhamisi, naye atakukabidhi. Simu unaweza kuikata, barua utaisoma tu.

Noela amenionyesha picha uliyomtumia. Suti ya kijivu, tai nyekundu, umekaa wima mbele ya simu tangu saa nane mchana, unasubiri tukupigie uipokee posa kama mjomba mtu. Nilicheka, Vena, kisha nikaona haya. Tumekukosea, samahani sana. Suti imekukaa vizuri, ila kifungo cha tumboni kinalalamika.

Unajua desturi yetu. Barua ya posa haipokelewi na baba. Fransis alikuwa amekaa kwenye kona ya sebule yake mwenyewe kama mtu aliyeingia kuulizia njia. Mwenye neno ni mjomba, na mjomba mkubwa wa Noela ni Kaka Augustine. Wewe ni wa akiba. Alipokupigia mwezi wa nne akakuomba ukae badala yake kwa kuwa afya yake si nzuri, ulifanya adabu ya mdogo mtu ukakubali. Mimi nilijua ni uongo, kwani usiku huo alimaliza sahani mbili za ugali wa muhogo na kisamvu. Sababu yenyewe sikuijua mpaka wiki iliyopita. Nimemwomba ruhusa nikuandikie, akasema, "Mwandikie yote. Asije akasikia nusu."

Kaka alipovuka Ruvuma wewe ulikuwa bado unasoma, basi nikukumbushe. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimekwisha, watu wanajenga upya, fundi seremala anatafutwa kama dawa. Akafikia kijiji cha Nakitenge, si mbali sana na Mocimboa da Praia, akamwoa Mwanahawa, akasilimu, akaitwa Athumani. Baba alinuna siku tatu. Siku ya nne akauliza kama huyo mke anajua kupika, na ugomvi ukaishia hapo. Mpaka leo mimi namwita Augustine, mkewe anamwita Athumani, na yeye anaitika kote. Jumapili hunisindikiza kanisani, akakaa kwenye benchi la nje na mkoba wangu mapajani mpaka misa iishe. Idi ya juzi tulikula pilau la Mwanahawa mpaka Fransis akalegeza mkanda.

Baba alitufundisha mengi, lakini mafundi wake aliwafundisha sheria moja: mlango wa nyumba ya sala haukataliwi. Awe padri, awe shehe, ukiombwa mlango, chonga. Wanaoingia watajuana na Mungu wao. Wewe angalia bawaba zisipige kelele. Kaka aliivuka Ruvuma na sheria hiyo pamoja na randa na tezo za Baba.

Sasa nije kwa hao watu ambao huko huitwa Mashababi. Si wale wa Somalia, jina tu limefanana. Kaka anasema sisi wa mbali tunakosea kudhani walitoka msituni siku moja na bunduki. Walianzia msikitini, safu ya nyuma. Walikuwa vijana wa hapo hapo kijijini, ambao harusi za mama zao yeye alikula. Wakaanza kukata suruali juu ya vifundo vya miguu. Wakaingia msikitini na viatu. Wakawaambia wazee waliowafundisha alifu kwamba sala zao ni batili, maulidi ni upotofu, na kuzuru makaburi ni ushirikina. Wazee wakacheka wakisema watakua tu.

Hawakukua, waliongezeka. Wengine walikuwa wamekwenda kusoma mbali wakarudi na mawaidha ya watu wasiojulikana yamejaa kwenye simu. Wakawatoa watoto shuleni, wakasema mahakama za serikali hazimhusu Mwislamu, wakaacha kuitikia salamu za jirani anayesali tofauti. Na yalikuwapo ya kukasirisha, Vena, tusidanganyane. Kila siku wanasikia gesi imepatikana baharini, mawe mekundu ya thamani yanachimbwa, magari makubwa yanapita yakiwamwagia vumbi, na kijana wa kijijini hana hata kibarua. Kaka ana neno lake kuhusu hilo: hasira ilikuwa ya kweli, waliokuja kuizoa ndio waliokuwa waongo. Anasema wakubwa walipopelekewa habari mwanzoni waliona ni magomvi ya dini tu, na walipozinduka wakakamata waliomo na wasiokuwemo, wakazidi kuwapatia wale vijana wafuasi.

Basi hao vijana wakajitenga, wakajenga msikiti wao wa udongo na bati, wakaja kwa Kaka kutaka mlango. Wazee wa msikiti mkubwa nao wakaja, wamekaa kibarazani kwake, wanamsihi asiwachongee. Unamjua Kaka kwa ubishi. Akawajibu kwa sheria ya Baba. Akachonga mlango wa mninga, wa kufunguka pande mbili, na anakiri kwa aibu kwamba hajapata kuchonga mzuri kama ule. Siku ya kuupachika mgongo ulimuuma, akamtuma mwanawe Swalehe, kijana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa ameshaiva katika ufundi. Kesho yake mlango ukawa unagoma kufunga, Swalehe akarudi na randa kuupunguza. Siku ya tatu mlango haukuwa na tatizo lolote, lakini Swalehe alikwenda.

Mwaka haukuisha, akawa hali sahani moja na baba yake. Alimwambia kwamba mtu ambaye dada yake angali akimwita Augustine bado ni kafiri. Oktoba 2017, Mocimboa iliposhambuliwa, askari wakauawa, Swalehe hakuwa nyumbani. Hajaonekana tangu siku hiyo. Baadaye Nakitenge ikachomwa, Kaka na Mwanahawa wakatembea porini siku kumi na moja mpaka Ruvuma, na mengine unayajua: miaka ile ya kuhangaika Mtwara, kisha mwaka jana wakaja kwetu.

Kumbe ndiyo maana. Hapa Keko anafanya kazi kwenye banda la Romani, barabarani, na Romani kila siku ananilalamikia: vitanda anatengeneza, makabati anatengeneza, viti ndiyo usiseme, lakini oda ya mlango ikija anajifanya hakusikia. Sisi tukadhani ni uzee.

Jumanne iliyopita nilimbana uani nikifua. Nikamwambia, kama mpwa wako humtaki sema. Akaniangalia mpaka nikaacha kufua. "Dada," akasema, "aliyempeleka wa kwake kwa mkono wake mwenyewe, atasimamaje ampokelee mwenzake posa ya mwanawe?" Ndipo akanieleza yote niliyokuandikia. Nililia na kumgombeza kwa pamoja. Nilimwambia kijana alikuwa na miguu yake na akili zake. Akainuka akaingia ndani. Nikajua tumeshindwa, nikamwambia Noela mjomba wake atakuwa wewe, kwa simu. Mtoto akakubali kwa mdomo, lakini chakula hakula.

Jumamosi wageni wakaja kutoka Sinza. Mchumba mwenyewe unamjua kwa picha, Lusungu, Mnyakyusa wa Tukuyu, anafundisha hesabu Mikocheni. Mshenga wao ni jirani yao, Mzee Didas, Mhaya, na Kiswahili chake kimevaa suti kuliko wewe. Akasalimu dakika kumi nzima. Kisha akasema, "Tumeonyeshwa baba, tumeonyeshwa mama, tumeridhika. Sasa mjomba yuko wapi, ili tufikishe ujumbe?"

Nikasema mjomba yuko Maskati, nampigia sasa hivi. Simu ninayo mkononi, jina lako limeshatokea. Kaka yuko chumba cha nyuma na mkewe, pazia limeshushwa. Mara tukasikia sauti ya Mwanahawa, na unaijua ile sauti, haijui kunong'ona.

"Athumani! Mie ndo niliyemzaa yule, nisikilize. Hatukumpoteza kwa mlango. Tulimpoteza kwa sababu alikuwa anakwenda kila siku, na sie hatukumuuliza anakwenda kwa nani. Haya, na huyu wa wifi Yuliana anakwenda. Toka ukaulize!"

Wageni wote wakawa wanasoma maandishi kwenye chupa za soda. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Pazia likafunguka, Kaka akatoka, kofia kichwani, miguu peku, viatu kavisahau. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti nilichokuwa nimekuwekea wewe, akakaa.

"Mie ndiye mjomba," akasema.

Simu nikaitia kifuani, na hapo, mdogo wangu, ndipo tulipokusahau.

Akauliza, Vena! Karibu saa mbili nzima. Nyumba hakuuliza, mshahara hakuuliza. Aliuliza majina ya marafiki wa Lusungu, mmoja mmoja, na kila mmoja anafanya nini. Akauliza anasikiliza nani kwenye simu yake akiwa peke yake. Akauliza, mtu akikwambia wazee wako wote wamepotea na wewe peke yako ndiye uliyeongoka, utamjibu nini? Mzee Didas akajaribu kukohoa kwamba hii ni posa na si mahojiano ya polisi. Kaka akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, kunywa soda." Fransis akaninong'oneza kwamba angekuwa yeye enzi zetu, angefeli. Wali ulipoa wote.

Kijana alitoka jasho lakini hakukwepa hata swali moja. Alipoulizwa jirani asiyesali kama yeye atamfanyaje, akajibu, "Namsalimia kwanza, mjomba. Mengine baadaye." Nikasikia Mwanahawa anacheka nyuma ya pazia, kicheko ambacho sijakisikia tangu waje.

Mwisho Kaka akasogeza kiti karibu naye. Kisha akasema, "Dunia hukasirisha, mwanangu. Itakukasirisha na wewe. Siku ukiwa na hasira na kila mtu, mpaka na mkeo, utakwenda kwa nani?"

Lusungu hakujibu haraka, na hilo ndilo lililonifanya nimpende. Akasema, "Sijawahi kuwa na wa kumwendea. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Kuanzia leo, ukiniruhusu, nitakuja kwako."

Kaka akavua kofia akajifunika nayo uso. Mabega yakawa yanatikisika, na hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele. Mimi nililia waziwazi mbele ya wakwe, sijali. Alipomaliza akavaa kofia, akanyoosha mikono yote miwili, akaipokea ile barua ya posa. Ndipo Noela akapiga kigelegele mwenyewe huko chumbani, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, na nitamsema kwa hilo mpaka nizeeke.

Kwa hiyo usitununie. Harusi ni Jumamosi tarehe 13 Septemba. Omba likizo mapema, uje na suti hiyo hiyo, na kifungo ukihamishe. Utakaa kiti cha pili, kulia kwa Kaka, na hakuna simu itakayohitajika.

Shemeji yako Fransis anakusalimu, anaulizia halua. Noela anasema anakupenda na anaomba msamaha kwa picha yako, maana ameshawaonyesha marafiki zake wote. Romani wa bandani salamu nyingi. Mwanahawa anasema ukija atakupikia mpaka ushindwe kuinuka. Kaka anasema asante kwa kukubali, na asante zaidi kwa kukaa kimya siku ya posa bila kupiga.

Mungu akulinde ugenini, aibariki kazi ya mikono yako, akurudishe kwetu salama. Na ukisali, mtaje Swalehe. Kama yu hai, aijue njia ya kurudi ajibu aliyoyafanya. Kama hayupo, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Jana wakati wa kula, kwa mara ya kwanza tangu wafike kwangu, Kaka alimtaja kwa jina lake, na Mwanahawa akamwongezea wali.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,

Yuliana